Marehemu wa Tuta la Muhogo

Jumatatu, 3 Juni 1996

Wamekuja. Wapima wawili, kamba ndefu, chombo cha miguu mitatu na kopo la rangi nyekundu. Wamechomeka vigingi vinne kwenye muhogo wangu. Sikuulizwa! Nilikuwa nanyonyesha. Nilipotoka nje, Jerome bado kang'ang'ania, kigingi cha nne kilikuwa kinagongwa hatua sita kutoka mlangoni pangu. Nimezipiga mwenyewe. Sita.

Nikauliza kuna nini. Mmoja akanijibu kwa upole, kama anayempa mtu habari ya msiba. Mji unatafuta mahali pa kujenga Kituo cha Mazingira. Kituo cha watu wote. Watu watafundishwa kupanda miti, kutotupa taka baharini, na kupika kwa kuni chache. Wafadhili wako tayari, kilichobaki ni mahali tu, na pawe karibu na maji. Wanapima sehemu tatu: Mtanda, kwenye ghala kuukuu la ufukweni, na huku kwetu Rasbura. Jumamosi ya tarehe kumi na tano kamati itapita na wageni kuchagua.

Nikamwambia mimi kuni chache napikia siku zote, kwa kuwa nyingi sina. Akacheka. Mimi sikucheka.

Hatuna hati. Kiwanja hiki alitupa marehemu baba mdogo wa Dominick, kwa mdomo, siku ya harusi yetu, mbele ya mashahidi ambao nusu yao wamekufa na nusu walikuwa wamelewa. Na Dominick mwenyewe yuko Njinjo, kamfuata tajiri mmoja anayenunua ufuta. Siku hizi kununua mazao ni ruksa kwa yeyote, basi waume wa watu wote wamegeuka wanunuzi. Wiki ya tano hii. Niko peke yangu na Veronika wa miaka mitano, Jerome wa miezi minane, na nyumba ya vyumba viwili isiyo na hata karatasi ya kufungia karanga.

Naogopa.

Jumanne, 4 Juni

Apolonia keshasikia. Apolonia ni jirani yangu wa upande wa bahari. Kuku wake wanakula kwangu na kutaga kwake. Amekuja na mikono kiunoni, akavitazama vigingi kimoja kimoja, akauliza eti kwa nini vimewekwa kwangu na si kwake, wakati kwake ndiko kwenye upepo.

Anakitaka Kituo! Anasema wageni hunywa chai, chai haiendi bila maandazi, na maandazi ya Rasbura nzima ni yake. Nikamwambia akichukue, nampa na baraka juu. Akapaza sauti ili wapita njia wafaidi: "Wewe Mama Vero, ukipewa mchele uliopepetwa utalia umekosa mawe ya kuchambua!"

Wakacheka watu watatu. Nimewakariri.

Lakini kichwa kimepata kazi. Mimi sikitaki, yeye anakitaka. Na kigingi ni nini? Kipande cha mti tu.

Jumatano, 5 Juni

Nimehamisha vigingi! Saa sita mchana, Apolonia yuko sokoni. Jerome mgongoni, Veronika barabarani analinda. Nilimwambia akiona mtu aimbe. Akaimba mwanzo hadi mwisho bila kupumua, maana barabara ile haikosi mtu. Kila akiimba mimi nachuchumaa nijifanye napalilia. Mara nne nimewaficha uso wapita njia ambao hata hawakugeuka kutazama. Jerome akadhani namchezesha.

Mwisho vyote vinne vikasimama kwa Apolonia, kimoja katikati ya banda la kuku.

Akarudi. Akavikuta. Akapiga vigelegele, akasema Mungu kamsikia. Nikamjibu kwa uso mtulivu kwamba amestahili.

Alhamisi, 6 Juni

Wapima wamerudi na Bwana Eusebio, bwana ardhi wa mji. Walikuwa na daftari! Sikulijua hilo daftari. Wakalifungua, wakatazama, wakaving'oa vigingi kwa Apolonia na kuvirudisha kwangu kwenye mashimo yale yale. Kazi ya dakika kumi. Apolonia akageuza shingo pole pole akanitazama. Hapo hapo Veronika, kwa kuwa ameona watu, akaanza kuimba.

Apolonia hakutukana. Alisema tu amenielewa. Afadhali angetukana.

Bwana Eusebio si mtu mbaya, na ndilo linalonitia hofu. Mtu mbaya unajua pa kumshika. Huyu ananiita dada, anamsifia Jerome, kisha anasema nisiwe na wasiwasi, wenye nyumba watafikiriwa. Watafikiriwa! Na nani? Kwa siku ngapi? Wakiwa wamekaa wapi?

Nikamuuliza mbona wasijenge Mtanda, kuna hewa nzuri. Akasema eneo la Mtanda limeingiliwa na makaburi, na penye kaburi wao hawagusi. Mpima akadakia, hata likiwa moja. Bwana Eusebio akaendelea na maelezo mengine, udongo sijui nini, ratiba sijui nini. Sikumsikia tena. Masikio yalikuwa yamebaki kwenye neno moja.

Hata likiwa moja!

Ijumaa, 7 Juni

Tuta la tatu lina urefu wa mtu mzima. Nimekata mashina ya muhogo yote kwa panga, nimelisawazisha mgongo, nimelizungushia mawe meupe niliyookota ufukweni safari tisa, mtoto mgongoni. Makaburi ya wazee wa pwani huwa na sahani au bakuli juu, basi nimechukua bakuli la maua ya buluu la mama mkwe, lile lenye ufa. Nikaligonga kidogo ili lionekane la siku nyingi. Likagongeka sana. Nimelifukia nusu. Mama mkwe yuko Mchinga, mzima wa afya, na kila akija huuliza bakuli lake.

Veronika alikaa pembeni akitazama. Nikamwambia tunacheza. Akauliza mchezo huu anashinda nani.

Nilipomaliza nikarudi nyuma niitazame kazi yangu. Mama yangu! Lilikuwa kaburi kweli. Nimefunga dirisha la upande ule na sitalifungua.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani nilikaa benchi la nyuma. Kila padri alipotaja marehemu, nilikohoa. Mama aliyekaa mbele yangu akanigeukia akanipa tangawizi.

Jumatatu, 10 Juni

Bi Tawakali kapita. Katika watu wote! Bi Tawakali, jirani yangu wa upande wa pili, ndiye anayeosha maiti wa kike wa mtaa huu, miaka thelathini sasa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yako shambani. Akauliza ni nani yule. Maana yeye wa Rasbura wote anajua kila mmoja amelala wapi, na yule hamjui.

Nikadanganya. Nilikuwa napalilia, nikasema, jembe likagonga jiwe, nikafukua kidogo, nikakuta ndivyo hivyo. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbuzi.

Akalizunguka. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Kisha akasimama akasema alichokiona. Huyu si Muislamu, maana hakuelekezwa kibla. Na si Mkristo, kwa kuwa wenu mnawalaza miguu mashariki. Huyu kichwa kiko kaskazini na miguu iko chooni.

Sikufikiria! Matuta yetu yanaelekea huko kwa ajili ya maji ya mvua. Nimemzika mtu kwa kufuata muhogo!

Nikasubiri kuumbuka. Badala yake Bi Tawakali akavua kandambili zake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba basi huyu ni wa kabla ya dini. Mtu wa kale mwenyewe. Akaniasa nisipige kelele upande huu, nisimwage maji ya moto, wala mtoto asikojoe hapa.

Jerome alikuwa ameshakojoa. Juzi, na jana, na leo asubuhi.

Jumanne, 11 Juni

Wamekuja wanawake kumi na wawili na ubani na unga. Wamemwaga unga juu ya tuta, wamemwomba marehemu atuangalie. Mimi Stefania, niliyebatizwa na kupewa kipaimara, nikasimama katikati yao nikiangalia chini. Ningefanya nini? Kaburi liko kwangu, mimi ndiye mwenyeji.

Mmoja akauliza jina la marehemu. Veronika akajibu, kwa sauti ile ya kujibia darasani, kwamba jina hajui, lakini mama ndiye aliyemzika. Ijumaa. Baada ya uji.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Kicheko kikaenda, kikakosa mtu wa kukipokea, kikarudi.

Ndipo Apolonia, aliyekuwa amesimama kwake akila muwa, akauliza kwa sauti tamu sana: "Eti Mama Vero, baba watoto anarudi lini vile? Maana wiki zinakwenda. Njinjo yenyewe ni Njinjo hii hii ya Kilwa, au kuna Njinjo nyingine iko chini ya muhogo?"

Wanawake wakakusanya khanga zao. Hakuna aliyeniaga kwa jina.

Jumatano, 12 Juni

Bombani foleni imenipisha. Ndoo ishirini zilikuwa mbele yangu, zote zikasogea. Muuza dagaa kanijazia fungu bila kubishana, akasema nichukue tu, dada, nichukue. Mgambo wa mtaa kapita mbele ya nyumba asubuhi, kapita tena adhuhuri. Mara ya pili alikuwa na kalamu.

Nimemsimamisha dereva wa lori la ufuta anayekwenda Njinjo. Nimemwambia amfikishie Dominick ujumbe wangu: arudi haraka, na arudi akiwa hai. Dereva kanitazama muda mrefu kabla ya kuondoa gari.

Jioni Jerome amekataa ziwa. Mwili wa moto.

Alhamisi, 13 Juni

Homa. Macho yamelegea, mikono inacheza yenyewe. Nimemfunga mgongoni nikatoka kwenda zahanati, nikafika kwenye tuta la tatu, miguu ikakataa. Najua kilichomo mle. Mashina nimekata mwenyewe, mawe nimebeba mwenyewe, bakuli ni la mama mkwe. Pamoja na hayo nilipiga magoti. Nikasema kama umekasirika nikasirikie mimi, huyu bado hajui hata kutambaa, mkojo wake hauna nia mbaya.

Nimeliomba msamaha tuta la muhogo. Nami nimemaliza darasa la saba.

Zahanati wamempima. Malaria. Wakamponda klorokwini kwenye kijiko, akaitema usoni kwangu, wakamponda tena. Nesi akaniuliza kwa nini nalia wakati mtoto atapona. Nikasema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Nimekaa naye kifuani mchana kutwa. Kila akivuta pumzi nami navuta. Vigingi sikuvikumbuka hata mara moja.

Ijumaa, 14 Juni

Homa imeshuka! Amenyonya. Ameniuma. Mungu asifiwe.

Kesho ni kamati. Nimefagia uwanja, kaburi nimelipangusa. Wataliona, watasema pole, watakwenda zao. Nikishapona hili sitaogopa kitu tena maishani.

Jumamosi, 15 Juni

Niyaandike kwa mpangilio.

Saa tatu wakafika. Bwana Eusebio, mwenyekiti wa mtaa, wapima wawili, na mama mmoja wa kizungu mrefu mwenye kofia, ndiye wa wafadhili. Nyuma yao mtaa mzima, na mgambo. Wakaliona kaburi na unga wake na ubani wake. Nikajiandaa kupokea pole.

Bi Tawakali akawaeleza yote, mtu wa kale, kabla ya dini. Bwana Eusebio akatafsiri. Yule mama akavua viatu. Nikaona macho yake yanalengwalengwa na machozi. Bwana Eusebio akatutafsiria kwamba mgeni kazunguka nchi nyingi, na kote alikopita, miti iliyosalimika ni ile iliyo penye watu wa kale, kwa sababu hapo watu wanaogopa kukata. Kwa hiyo Kituo cha Mazingira hakiwezi kupata mahali pazuri kuliko hapa. Kaburi litazungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Wageni wataanzia hapo.

Kisha wote wakageuka kuitazama nyumba yangu, kama watu wanavyotazama boksi lililoachwa mlangoni. Mwenyekiti akauliza, na ile? Bwana Eusebio akasema ile itafikiriwa.

Nikasikia mtu anapiga kelele kwamba humo hamna mtu. Mtu huyo alikuwa mimi.

Bwana Eusebio akaitikia kwa upole kwamba ndiyo dada, mtu hayumo, ni roho tu. Nikasema si roho, ni muhogo! Ni tuta! Bi Tawakali akanishika bega akawaambia watu wanisamehe, nimeuguliwa na mtoto. Apolonia akapenya mbele. "Kama ni muhogo si lifukuliwe? Tule!" Mgambo akatoa kalamu yake.

Mpima akasema kwa vyovyote vile ilikuwa lazima wachimbe, chepe wanalo. Akachimba.

Likatoka bakuli. Ukatoka muhogo mmoja. Wa pili. Wa tatu mnene kama paja. Bi Tawakali akainama, akavaa kandambili zake, moja, kisha nyingine, bila kunitazama. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Mpima hakuacha. Alipofika kina cha goti chepe likalia pwaa! Maji. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Chumvi. Akachimba karibu na choo, maji. Karibu na mlango, maji. Akasema jengo zito hapa halisimami hata kidogo. Mama wa kizungu akavaa viatu vyake. Wakashauriana pale pale. Ghala kuukuu la ufukweni limekalia mwamba, Kituo kitajengwa huko. Ikaisha.

Bwana Eusebio akanisogelea. Akasema mashimo ya kupima udongo yalikuwa kwenye ratiba tangu siku ya kwanza, na alinieleza ile Alhamisi. Eti niliitikia kwa kichwa.

Kabla sijamjibu, lori la ufuta likasimama barabarani. Akashuka Dominick. Mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, amekonda, begani ana gunia. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, wengine wakafuata. Mgambo alirudi nyuma hatua nyingi kwa mtu mwenye cheo. Apolonia alikimbilia kwake akapita juu ya banda lake mwenyewe, kuku wakaruka kila upande.

Dominick akatazama watu, akatazama shimo, akauliza nani kafariki.

Veronika ndiye aliyemjibu, kwa heshima zote: "Wewe, baba."

Jumapili, 16 Juni

Tumempika marehemu kwa nazi. Mtamu. Dominick kala sahani mbili, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaacha kucheka akaniuliza Jerome aliugua siku ngapi. Nikamweleza. Akamchukua mtoto na hadi sasa hajamrudisha.

Alasiri Bwana Eusebio kapita na fomu. Kumbe karatasi ya kiwanja inaombwa tu! Mtu anajaza jina lake, majirani wa pande zote wanatia sahihi kwamba mpaka ni huu na mwenyewe ni huyu, basi. Yeye ataipeleka ofisini. Ataichukua Jumatano. Anasema ningemuuliza wiki mbili zilizopita angenipa siku ile ile. Dominick akanitazama. Mimi nikatazama sufuria.

Nyuma yetu hakuna jirani, ni barabara, na barabara haitakiwi kutia sahihi, Bwana Eusebio kasema. Mbele ni uwanja wa mji. Upande wa pili ni Bi Tawakali. Dominick kampelekea fomu. Katia dole gumba hapo hapo, akasema mtoto anywe maji ya dafu. Shikamoo yangu bado hajaiitikia.

Amebaki Apolonia.

Dominick anasema jambo hili ni jepesi: nifunge muhogo uliobaki kwenye kitambaa safi, niende kwa miguu yangu hatua thelathini, nimwambie dada Apolonia nilikosa, nisamehe. Hatakataa. Ni mwanamke mwenye mdomo, lakini si mwenye roho mbaya.

Nimefikiria. Je, akikataa? Akinicheka mbele za watu? Akichana fomu? Nyumba, watoto, kila kitu kiko kwenye kalamu ya mtu ambaye kuku wake bado hawajarudi wote! Hapana. Siwezi kuwaweka wanangu kwenye hatari hiyo.

Lakini nimepata dawa, tena safi. Kati ya kwangu na kwa Apolonia kuna nafasi ya majani, upana wa mkokoteni. Nikiifyeka asubuhi na mapema, nikamwaga mchanga, nikawapitisha hapo watu wachache na baiskeli mbili, hadi Jumatano itakuwa njia. Na ikishakuwa njia, Apolonia si jirani yangu tena. Jirani yangu wa upande ule ni njia.

Njia haitii sahihi, wala haina mdomo. Panga nimeshalinoa. Dominick kaniuliza nanoa la nini, nikamwambia nakwenda kuomba msamaha.